Siku Mama Mkwe Alipokula Samaki wa Nguchiro

Wacha nianze na aibu yenyewe ndiyo msinikatize katikati mkiuliza ati nilifanya nini. Mimi ndiye yule mtu wa Lanet aliyemwita mama mkwe wake mwizi, kwa herufi kubwa, na picha, na saa na dakika, mbele ya grupu nzima ya mtaa, watu mia mbili na zaidi, pasta akiwa mmoja wao. Sikuwa nimelewa (mimi hata si mtu wa kulewa), sikuwa na kinyongo naye, na kama mngeniuliza asubuhi ya siku hiyo ningewaambia namheshimu yule mama kuliko mtu yeyote anayepumua. Sasa ngojeni niwaambie vile hiyo heshima yangu na simu moja ya zamani vilinifikisha hapo.

Mimi ni fundi wa makochi. Nina kibanda changu karibu na barabara ya Nairobi, nashinda nimeinama nikivua makochi ya watu kitambaa kikuukuu na kuyavalisha kipya, na jioni nikifika nyumbani mgongo unaniambia kaa chini. Basi nikaanza kukaa nyuma ya nyumba, ambapo tuna kashamba kadogo, mistari ya sukuma, avokado moja kubwa, na ua la miiba ya kayaba, lenye kageti kadogo, linalotutenganisha na jirani yetu Mama Chebet. Ukikaa pale kimya dakika kumi unaona mambo. Unaona kwarara wakitembea katikati ya sukuma na ile midomo yao mirefu kama wakaguzi wa serikali, unaona chozi, vile vindege vidogo vya kunyonya maua, wakigombania ua moja na mengine yako mia, unaona hata vikasuku vya kijani vyenye uso mwekundu, wale watu husema walitoroka kwa vizimba kule Naivasha zamani wakazaana. Nikaanza kuwapiga picha na simu.

Picha zangu za kwanza zilikuwa za matawi. Ndege alikuwa hapo, naapa, lakini kati ya mimi kubonyeza na simu kukubali, ndege alikuwa ameshafika Njoro. Mke wangu, Mama Neema, aliangalia kama kumi hivi huku akisonga ugali, akaniambia, "Baba Neema, huu mti umeupiga vizuri sana." Lakini siku moja nikabahatisha kwarara amefungua mabawa, ile rangi ya zambarau iking'aa, nikaitupa kwa grupu ya mtaa, grupu ambayo kwa kawaida ni ya kuuliza maji yamepotelea wapi na lori la taka limekwama wapi, na watu wakafurahi ajabu. Chairlady wa mtaa mwenyewe akaweka yale makofi matatu ya emoji. Wacha niseme ukweli, nimeshona makochi ya watu wakubwa wakubwa na hakuna aliyewahi kunipigia makofi matatu.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nikawa siwezi kumaliza siku bila kuweka picha, na siku ambayo ndege wamenikataa, nilifanya kitu ambacho bado kinaniuma kukisema. Nilienda kwa mtandao nikachukua picha ya tai, mzuri, macho makali, amekaa kwa tawi, nikaiweka kwa grupu na maneno, "Mgeni wangu wa leo asubuhi." Makofi yakaja. Mpaka jirani yangu wa upande ule mwingine, Sajini (ni sajini mstaafu, ametumikia jeshi miaka mingi na bado anakunja shati kama kuna mtu atakuja kumkagua), akaandika, "Boss, picha safi. Lakini hapa Lanet theluji ilianguka siku gani, mimi nikiwa nimelala?"

Nikaangalia tena. Nyuma ya tai, mlima mzima, mweupe pee.

Watu walinicheka wiki mbili. Mteja alikuja kibandani akashika kitambaa akaniuliza kama nacho nimekitoa kwa mtandao. Kwa hivyo, kwa hasira na kiburi, nikaandika kwa grupu kwamba kuanzia sasa picha za bustani yangu zitakuwa zinaingia zenyewe, moja kwa moja, na saa yake, bila mimi kuzigusa, ndiyo wale wenye macho makali waache kulala macho. Na nikawaahidi hapo kwa grupu nitaanza na mwizi mmoja wa kwangu. Kulikuwa na kitu kinakula mayai ya kuku wetu, na mara moja nilikuwa nimeona mkia ukiingia kwenye kayaba: nguchiro, yule mnyama mrefu mwembamba mwenye haraka, anayeweza kumaliza kiota kizima na bado asimame akuangalie.

Nikatafuta simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, nikaifunga na waya kwa shina la avokado, ikiangalia kisiki kilicho nyuma ya jikoni. Nikaweka programu ya kupiga picha kila kitu kikisogea mbele yake. Programu ikaniuliza swali moja tu: zihifadhiwe kwanza nizione, au zitumwe moja kwa moja? Hapo, ndugu zangu, ndipo ningeweza kuokoka. Nikabonyeza "moja kwa moja". Ikaniambia naweza kuandika maneno ya kwenda na kila picha, nikaandika kwa herufi kubwa, MWIZI AMENASWA, MOJA KWA MOJA KUTOKA LANET, nikajipongeza, nikaingia kulala.

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe. Sisi ni watu wa magharibi, ingawa mimi nimezaliwa hapa hapa Nakuru (babu yangu aliletwa na kazi ya reli akasahau kurudi). Na kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawachezi karibu. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anaingia kwa majani, na yeye hawezi kulala kwako wala kutia kitu mdomoni ndani ya nyumba yako mpaka siku ile utamfunika blanketi mbele ya watu wake. Ukishamfunika, basi, amekuwa mama yako, anaingia, anakaa, anakula, hata anakutuma maji. Kabla ya hapo mkizungumza ni kupitia mtu. Anasema, "Mwambieni huyo kijana," na wewe uko hapo hapo, unasikia.

Miaka tisa tulikuwa hatujafanya hiyo siku. Mara kuna msiba, mara mimi sijajipanga, mara mjomba wa mke wangu, Mzee Barasa, ambaye ndiye anashika mambo ya ukoo tangu baba mkwe aondoke duniani, anasema bado. Na mke wangu alikuwa anataka kitu kimoja tu, alikuwa hakisemi kila siku lakini nilikuwa nakijua: mama yake aingie nyumba yake, aketi, na yeye ampakulie chakula kwa mkono wake mwenyewe. Miaka tisa anapikia wageni wa kila aina, wa kanisa, wa chama, hata wateja wangu, na mama yake hajawahi kuonja mchuzi wake wa ndoa. Kwa hivyo Mzee Barasa alipopiga simu akasema watakuja Ijumaa, blanketi litolewe Jumamosi saa sita, mke wangu alikaa kwa kiti cha jikoni, mwiko bado mkononi, na mimi nikajua hii si ya kuchezea.

Wakaja Ijumaa jioni. Mama mkwe akapelekwa kwa Mama Chebet ng'ambo ya ua, alale huko na ale huko mpaka saa ya blanketi, mjomba akalala kwa Sajini. Sajini ndiye alikuwa mzee wangu wa kunisemea, kwa sababu baba yangu hayuko. Nami kwa kutaka kumfurahisha mjomba nikamuonyesha picha zangu za ndege (si ile ya tai), na alipozisifu kidogo nikamuingiza kwa grupu papo hapo. Mke wangu alipotuletea chai aliona nabonyeza bonyeza, akaniuliza kando, "Hiyo simu ya kwa mti si uitoe mpaka wageni waende?"

"Nguchiro hana kalenda," nikamwambia. Nilijiona nimesema kitu cha maana sana.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa ya moto. Wanawake wa kanisa wanakata vitunguu, kuku wanachinjwa, viti vinapangwa sebuleni. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi, maana harufu imejaa na nguchiro lazima atakuja kuchungulia. Nikachukua samaki mmoja kwa beseni, nikamkaanga mwenyewe pembeni kwa jiko la makaa, bila chumvi hata chembe, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba chumvi inaumiza figo za wanyama. Nikachemsha na mayai mawili. Sahani iliyokuwa karibu ilikuwa moja ya zile za maua, za wageni, nikapanga hapo samaki katikati na mayai kando (mimi ni fundi, siwezi kupanga kitu vibaya), nikaifunika na kitambaa kidogo ndiyo nzi wasimalize kabla mwenyewe hajafika, nikaiweka juu ya kisiki, nikaiwasha tena ile simu ya kwa mti, niliyokuwa nimeizima nisijipige mwenyewe. Kando ya kisiki kulikuwa na jerikani tupu imelala. Nikaenda kuoga na kuvaa suti.

Saa tano tulikuwa sebuleni, wanaume wanne. Mjomba Barasa amekaa kwa kochi kubwa nililolishona upya kwa ajili yake, pasta kando yake, Sajini ameketi wima, na mimi kwa kistuli, kwa unyenyekevu, blanketi likiwa limekunjwa juu ya meza, jekundu la mistari, bado kwa karatasi yake. Simu yangu ilikuwa chumbani kwa chaji. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Mjomba alikuwa ameanza kucheka, na mtu akicheka akiwa amekaa kwa kochi lako unajua mambo yanaenda.

Simu ya pasta ikalia. Ya Sajini ikalia. Ya mjomba ikalia. Zikalia tena zote tatu kwa pamoja.

"Huyo ni yeye," nikasema.

"Nani?" pasta akauliza, akitafuta miwani.

"Mwizi wangu. Yule niliwaambia kwa grupu nitamuonyesha. Fungueni muone, zinaingia zenyewe, mimi hata sijagusa simu." Na hiyo ya mwisho nilimwangalia Sajini nikiisema.

Wakafungua. Nikaona nyuso zao zimebadilika, na mimi, mjinga aliyevaa suti, nikadhani ni mshangao wa kuona mnyama karibu hivyo.

"Huyu anakuja kila siku?" mjomba akauliza, polepole.

"Kila siku, Mjomba. Hana haya. Anakula akiangalia huku na huku, na akishiba anatembea polepole kama shamba ni lake."

Sajini akakohoa. Nikaona ni wivu.

"Anapenda samaki," mjomba akasema.

"Samaki na mayai. Ndiyo maana nikamtegea. Mnyama kama huyu ukitaka kumnasa unaanza na tumbo lake."

Sajini akakohoa tena, sasa hivi akinikanyaga kiatu. Nikaondoa mguu.

"Na ukimshika," mjomba akaendelea, sauti imeshuka chini kabisa, "utamfanya nini?"

"Kumuua siwezi," nikasema, nikijiona mtu wa huruma. "Nitamtia kwa gunia, Sajini ana gari, tumpeleke kule Kariandusi tumwachilie kwa mawe ajitafutie."

Pasta alifunga macho. Mjomba Barasa aliweka simu yake mezani kando ya blanketi, akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika mbele yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya jerikani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kile cha sherehe, na ametandaza kile kitambaa kidogo kwa magoti vizuri kabisa. Kwa picha ya kwanza alikuwa ameinamisha kichwa akiombea chakula. Ya pili alikuwa anamenya yai. Ya tatu alikuwa ameshika mkia wa samaki, macho amefumba kidogo, kwa utamu au kwa njaa. Na juu ya kila moja, kwa herufi zangu: MWIZI AMENASWA, MOJA KWA MOJA KUTOKA LANET. Saa tano na dakika saba. Saa tano na dakika nane. Saa tano na dakika tisa.

Nikaruka mpaka chumbani, nikachomoa simu kwa chaji, nikachagua zile picha zote, nikabonyeza futa, zikapotea. Nikarudi sebuleni nikihema, nikasema, "Nimefuta. Hakuna kitu. Hakuna mtu ataona."

"Umejifutia wewe peke yako," Sajini akasema. "Sisi bado tunazo. Ona, imeingia nyingine."

Kumbe ndivyo nilivyofanya. Sasa mtu mwenye akili hapo angetulia aombe msamaha. Mimi nikaona dawa ni kuitoa ile simu kwa mti, saa hiyo hiyo, nikapita mlango wa jikoni mbio, nikawapita wanawake wa kanisa na sufuria zao, nikazunguka kona na zile sandali za bafu (viatu vya suti nilikuwa nimevivua mlangoni kwa heshima ya wageni), sandali moja ikabaki nyuma, ya pili ikateleza, nikaruka mstari wa kwanza wa sukuma, wa pili sikuuruka. Nilianguka kifudifudi, mikono mbele, na nilipoinua uso nilikuwa miguuni pa mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumkaribia hatua tano katika maisha yangu.

Akajifunika uso na kitenge. Mimi nikajifunika na sukuma. Pale kwa avokado simu ikasema kachaa, na nikajua mimi pia nimenaswa moja kwa moja kutoka Lanet.

Mjomba na pasta na Sajini walikuja nyuma yangu kuona kama nimevunjika, kachaa, kachaa, wote watatu wakaingia kwa grupu kama wezi. (Baadaye nilisoma yale yaliyoandikwa. Chairlady aliuliza, "Kwani wako wangapi?" Mtu mwingine akasema pasta ndiye kiongozi wa genge. Na Sajini, aki huyo mzee, alikuwa amepata muda wa kuandika, "Leo nimekagua, hakuna theluji.") Ni yeye hatimaye alienda kwa mti akaigeuza ile simu ikaangalia ua.

Lakini wakati huo hakuna mtu alikuwa anacheka. Mke wangu alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Alimwangalia mama yake, akaangalia ile sahani ya maua, akaniangalia mimi kwa sukuma. Nilingoja anipigie kelele. Hakunipigia. Alimuuliza mama yake, kwa sauti ya chini, "Mama, asubuhi ulikula nini?"

Mama mkwe akasema, bado amejifunika, "Sijala. Nilimeza dawa yangu ya sukari saa moja, nikangoja."

Ndipo ikajulikana. Mama Chebet alikuwa ametoka alfajiri kwenda kanisani kuleta sufuria kubwa za sherehe, akidhani sisi tutampelekea mgeni kifungua kinywa. Mke wangu alidhani Mama Chebet amempa. Mjomba hakuuliza, kwa sababu si kazi ya mwanaume kuuliza. Na mimi sikuuliza kwa sababu, nitawaambia nini, kwa heshima mkwe haulizi mama mkwe amekula nini. Yule mama alikaa masaa manne kwa nyumba ya watu akisikia harufu ya kuku wa sherehe yake mwenyewe, mpaka dawa ikaanza kumzidi nguvu, akapita kwa kale kageti ka kayaba kumtafuta binti yake. Akakuta sahani safi, imefunikwa, nyuma ya jikoni, na kiti kando.

"Nikajua ni wewe umeniwekea," akamwambia mke wangu. "Nikasema mtoto wangu ana akili, ameona siwezi kula ndani, akanitolea nje."

Mke wangu akaanza kulia, na si kile kilio cha hasira. Alisema, "Miaka tisa nangoja kukupikia, Mama. Miaka tisa. Na kitu cha kwanza umekula kwangu ni chakula cha nguchiro."

Nimeanguka mara nyingi, nimechekwa sana, lakini hayo maneno ndiyo yaliniangusha. Kwa sababu nilikumbuka mimi asubuhi nikipepea lile jiko, nikiwaza figo za nguchiro. Nilimuwazia mnyama chumvi, na mama ya mke wangu yuko ng'ambo ya ua, hatua ishirini, na sijamuwazia hata chai.

Mjomba Barasa alisimama wima. "Tunaondoka," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu, dada yangu atatiwa kwa gunia atupwe Kariandusi. Leteni mzigo wake."

Nikaanza kueleza habari ya nguchiro, mjomba akanigeuzia mgongo. Sajini, mzee wangu wa kunisemea, aliangalia viatu vyake. Mke wangu alikuwa amemshika mama yake mkono na nikaona anaushika kama mtu anayejua ataunyang'anywa, na nikajua mjomba akitoka kwa ile geti leo hakuna blanketi tena, si mwaka huu wala ule mwingine.

Mama mkwe akafunua uso. Akapangusa vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, bila haraka.

"Barasa," akasema, "mwambie huyo kijana atoke kwa sukuma."

Mjomba hakuniambia, lakini nilitoka.

"Amekuita mwizi, dada. Watu wa mtaa mzima wameona."

"Ameita mnyama. Mimi ndiye nimekaa kwa kiti cha mnyama." Akakunja kile kitambaa. "Sasa hebu fikiria. Nimeshakula kwake. Samaki imeshuka, mayai yameshuka, siwezi kuvirudisha. Tukiondoka saa hii nitakuwa nimekula kwa mkwe bila blanketi, na hiyo aibu nitaenda nayo nyumbani, si yake, ni yangu. Unataka niende nayo?"

Mjomba alitafuta kwa mila yote anayoijua, na mtu angeona anatafuta, na hakupata mahali pa kupitia.

"Basi leteni blanketi," mama mkwe akasema, "hapa hapa, kabla hicho chakula hakijatulia. Na mwambieni kijana samaki yake haina chumvi."

Pasta alienda mwenyewe kulileta. Hatukungoja saa sita, hatukungoja viti, zile hotuba mbili nilizokuwa nimeandika zilibaki mfukoni. Pasta aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba, na mimi, suti imejaa udongo, goti moja limepasuka, mguu mmoja una sandali na mwingine hauna, nililifungua lile blanketi kwa karatasi yake nikamfunika mama mkwe mabegani, na Sajini akashika upande mmoja kunisaidia. Wanawake wa kanisa wakapiga vigelegele wakiwa na visu na vitunguu mkononi. Mjomba Barasa akasema, "Imekubalika," kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kutia sahihi.

Tukaingia ndani, naye akaingia, kwa mara ya kwanza, akapitia mlango wa mbele. Mke wangu akamketisha kwa lile kochi kubwa, akampakulia mwenyewe, kuku na ugali na mchuzi wenye chumvi ya kutosha, akasimama hapo akimwangalia anatafuna kila tonge. Mimi nilibaki karibu na mlango. Tabia ya miaka tisa haitoki kwa siku moja, nilikuwa bado natafuta majani ya kuingia.

Mama mkwe akaweka tonge chini, akageuka, akaniangalia usoni. Hakupitia kwa mjomba, hakupitia kwa binti yake.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Nilikuwa sijala tangu jana jioni. Nikatikisa kichwa tu kama mtoto, akasogea akanipa nafasi kwa kochi. Tangu hiyo siku bado napiga picha za ndege, sitawadanganya, lakini nimeapa hakuna picha itatoka kwa bustani yangu kabla sijaiangalia mwenyewe mara mbili. Na mgeni akiingia kwangu, awe nani, awe wa heshima ya namna gani, namuuliza kama amekula kabla sijamuuliza habari ya huko alikotoka. Mke wangu husema sasa nimezidisha, ati juzi nimemuuliza hata mtu wa kusoma mita ya maji. Alikuwa hajala.